Siagi ya chupani: namna ninavyosukasuka maziwa na wanangu

Mimi ni fundi friji hapa Dodoma mjini, na mama yangu ni mfugaji wa Mvumi. Siagi niliijua kwanza kwa kibuyu chake. Alikuwa anakusanya maziwa siku mbili tatu, yanaganda humo humo, halafu alfajiri, jua halijatoka, anakaa kwenye kigoda, anakipakata kibuyu na kuanza kukisukasuka. Mlio ule ndio ulikuwa unaniamsha.

Miaka minne iliyopita binti yangu Rehema aliniuliza siagi inachimbwa wapi. Alikuwa na miaka mitano, na alichokuwa anakiita siagi ni ile ya njano ya kwenye kopo, ambayo kwa kweli ni majarini, mafuta ya mimea. Siagi yenyewe hajawahi kuiona. Nilimwambia asubiri hadi Jumamosi. Tangu siku hiyo, kila likizo ya mwezi wa 6 tunatengeneza siagi nyumbani: yeye sasa ana miaka 9, mdogo wake Mazengo ana 6, na Zuhura wa jirani ana 7, ambaye haikosi hata mara moja.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi anayetaka kujaribu. Mambo mawili nayashikilia kuliko yote. La kwanza ni ubaridi wa krimu, yaani ule utando wa mafuta unaopanda juu ya maziwa. La pili ni chupa kubaki mikononi mwa watoto mpaka mwisho, hata pale mkono wako unapowasha kutaka kuwasaidia.

Maziwa

Nunua lita 5 za maziwa mabichi kwa mtu ambaye unamfahamu yeye na ng'ombe wake. Ng'ombe wa kienyeji anatoa maziwa kidogo lakini yana mafuta mengi, mara nyingi asilimia 5 hivi, na wa Jersey naye ni hivyo hivyo. Maziwa ya Friesian yako karibu na asilimia 3.5 hadi 4. Yanafaa, ila siagi itakuwa pungufu. Ya mbuzi yaache kwanza, maana mafuta yake ni matone madogo mno na hayapandi juu kwa urahisi. Maziwa ya boksi nayo usiyahangaikie kabisa: mengi yamepitishwa kwenye mashine inayopasua matone ya mafuta ili yasipande juu. Unaweza kuyaweka wiki nzima, hutaona utando.

Mwaka juzi nilinunua lita 5 kwa kijana mmoja anayezungusha maziwa kwa pikipiki. Kesho yake nilipofunua sufuria, juu palikuwa na kitu chembamba kama karatasi. Yalikuwa yamepigwa maji. Watoto walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mkeka na kugawana zamu, na Zuhura alilia. Tangu hapo nadondosha tone moja kwenye ukucha wa dole gumba na kuinamisha kidole. Maziwa mazito yanateremka polepole na kuacha njia nyeupe. Yenye maji yanakimbia bila alama. Si kipimo cha maabara, lakini hakijaniangusha.

Jioni ya kwanza mimina maziwa kwenye sufuria pana, uyachuje kwa kitambaa safi, funika, weka kwenye friji na usiyaguse. Sufuria iwe pana kwa sababu mafuta yana safari fupi ya kupanda kuliko kwenye ndoo. Yaache saa 24. Usiisogeze sufuria, usiifungue kila saa kuonyesha watoto. Wangu wanaruhusiwa kuchungulia mara moja tu, asubuhi, kwa sababu wakati huo utando umeshaanza kuonekana, wa njano kidogo juu ya weupe.

Jioni ya pili unaengua. Mama anasema kuengua ni kazi ya mtu asiye na haraka, na ni kweli. Chukua upawa usio na kina, uulaze juu ya maziwa mpaka krimu ijiingize yenyewe, usiuchote chini. Mtoto wa miaka 9 anaweza kabisa. Wa miaka 6 mshike mkono. Kwa lita 5 ninapata krimu kama nusu lita. Maziwa yaliyobaki chemsha, ni ya chai na uji.

Krimu hii ni mbichi, na hapa ndipo nakuwa mkali: hakuna kulamba upawa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na mtoto haokolewi na ukweli kwamba babu yake aliyanywa. Weka krimu kwenye bakuli la chuma, bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, koroga hadi ifike nyuzi 80 na uiache hapo dakika chache. Kama huna kipimajoto, subiri mvuke utoke juu yake wote na pembeni paanze kutokota. Hii ni kazi ya mkubwa, watoto wakae mbali na jiko. Kisha shusha, ingiza bakuli kwenye beseni la maji baridi, koroga hadi ipoe, funika, rudisha kwenye friji ilale usiku mzima.

Usiku huo una maana. Krimu iliyotoka motoni mafuta yake yameyeyuka. Inahitaji saa nyingi za baridi ili yagande tena ndani kwa ndani, na ukisukasuka krimu iliyopoa juu juu tu utapata uji wa mafuta.

Ubaridi

Siagi nyingi za nyumbani zinaharibikia hapa, na watu wanadhani ni maziwa mabaya au mikono mizito. Friji yangu iko kwenye nyuzi 4. Krimu ya nyuzi 4 ni baridi mno: mafuta yake ni magumu kama kokoto, yanagongana na kuachana. Utasukasuka mpaka watoto wakimbie. Krimu ya nyuzi 22, joto la kawaida la jikoni hapa kwetu, ni laini mno: mafuta yanapakana badala ya kushikana, mengi yanabaki kwenye maziwa, na kidogo unachopata kinanata kama gundi. Unataka katikati, nyuzi 12 hadi 14. Pale mafuta yako nusu magumu nusu laini, kama unga wa chapati uliokandwa vizuri: yakigusana yanashikana.

Ndiyo maana tunafanya mwezi wa 6. Asubuhi za Dodoma zina baridi wakati huo na jikoni hapajachemka. Tuliwahi kujaribu mwezi wa 10, saa 8 mchana. Dakika kumi za kwanza krimu ilikuwa sawa, lakini mikono ya watoto na hewa ya jikoni viliipasha, na tukaishia na povu lenye mafuta ambalo halikukatika, yaani siagi haikujitenga. Unayeishi Dar es Salaam au Tanga, fanya alfajiri, na uwe na beseni la maji ya barafu pembeni. Kila baada ya zamu mbili chupa iingie humo nusu dakika.

Ninatoa krimu kwenye friji saa 1 asubuhi na kuiacha mezani nusu saa hivi. Mimi nina kipimajoto cha kazini. Wewe unaweza kutumia shavu: gusisha bakuli shavuni. Ikikuuma, bado. Ikikushtua kidogo kisha ukaizoea, iko tayari. Watoto wanapenda sana sehemu hii, na Mazengo sasa anakosea nyuzi moja au mbili tu. Anasema namba, ndipo tunachomeka kipimajoto.

Chupa

Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja yenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza, kama zile za siagi ya karanga. Ya kioo inaonyesha vizuri zaidi, lakini kwa watoto wa chini ya miaka 8 siitumii. Ioshe kwa maji ya moto, ipoze. Jaza krimu isizidi nusu, maana krimu inahitaji nafasi ya kujipiga. Chupa iliyojaa hata ukiitikisa hadi adhuhuri haifanyi kitu. Nusu lita yangu naigawa kwenye chupa mbili.

Zungushia chupa kipande cha khanga au taulo dogo, ufunge. Haitateleza, na joto la viganja halitaingia. Tandika mkeka nje, kivulini. Kila mtoto anatikisa mara 50 huku wengine wanahesabu kwa sauti, halafu anampa wa kulia kwake. Baada ya zamu ya kwanza fungua mfuniko kidogo hewa itoke, funga tena, kaza. Mtikiso uwe wa juu na chini, wenye nguvu ya wastani, krimu igonge mfuniko na kitako. Kuzungusha tu hakusaidii.

Sasa waambie wasikilize, maana huwezi kuona kitu: chupa yote imepakwa nyeupe ndani.

Mwanzoni kuna mlio wa maji, chwa chwa chwa. Kila mtoto anaujua. Baada ya dakika tatu au nne unazidi kuwa mzito, kisha unapotea. Chupa inanyamaza kabisa. Unatikisa na mkononi hakuna kinachosogea, kana kwamba chupa ni tupu. Krimu imeshika hewa, imekuwa povu zito lililojaza chupa yote. Hapa ndipo watoto wanakata tamaa. Mara ya kwanza kabisa Rehema aliniwekea chupa mapajani na kusema, "Baba, imekufa." Na mimi, niliyelelewa kwa kibuyu, nilitaka kuichukua nimalizie mwenyewe. Nilimpigia mama simu. Aliniambia, "Baba Rehema, rudisha chupa kwa mtoto. Ikinyamaza ndiyo inafanya kazi."

Nilirudisha. Walitikisa zamu nne zaidi kwa ukimya ule. Kisha Rehema alisimama ghafla, macho yamemtoka, hasemi neno. Alikuwa ameusikia mkononi kabla sikioni: kitu kizito kimejitenga na kudondoka. Alitikisa tena. Pwa. Akatikisa tena, na sasa maji yalikuwa yanarudi, chwa, lakini mepesi kuliko mwanzo, na ndani yake kitu kinagonga, pwa, pwa. Tulifungua khanga. Ule weupe uliopaka chupa ulikuwa unateremka wenyewe, chupa inaanza kuonyesha ndani, na humo mlikuwa na chembe za njano zinaogelea kwenye maziwa mepesi.

Kwa ubaridi unaofaa yote haya ni dakika 12 hadi 20. Zikipita 25 na bado kimya, krimu ni baridi mno: simamisha chupa kwenye maji ya vuguvugu dakika mbili, pumzikeni, endeleeni. Ikiwa imelainika na kung'aa mafuta mafuta, ni joto: iingize kwenye maji ya barafu dakika kumi.

Usiendelee kutikisa mpaka liwe donge moja kubwa, ingawa watoto watataka hivyo. Sisi tunaanza kuangalia chembe zikiwa kama uwele, na tunaacha zikifika ukubwa wa mtama. Donge kubwa linafungia maziwa tumboni mwake, na maziwa hayo ndiyo yanayoichachua siagi baada ya siku tatu.

Hapo sasa ndipo watauliza siagi ilikuwa wapi muda wote huo. Mimi nawaeleza hivi: ndani ya maziwa mafuta yametawanyika kama vidonge vidogo kuliko vumbi, kila kimoja kimevaa ngozi nyembamba inayokizuia kushikana na mwenzake. Mkitikisa, vinagongana, ngozi zinachanika, mafuta yanashikana. Kwanza vinaizunguka hewa, ndiyo maana ya povu na ukimya. Vikishikana vingi, povu linavunjika, hewa inatoka na maji yanaachwa peke yake. Zuhura aliuliza ngozi zinaenda wapi. Nyingi zinabaki kwenye yale maziwa mepesi, na swali lile lilinifurahisha wiki nzima.

Mtindi, maji na chumvi

Mimina vyote kwenye chujio lililokaa juu ya bakuli. Kinachoshuka ni mtindi. Leo ukisema mtindi watu wanafikiria maziwa ya kuganda ya pakiti, lakini maana yake ya zamani ndiyo hii, maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Wangu wanaunywa pale pale, kila mtu kikombe kidogo, ungali wa baridi. Ukibaki, kandia chapati.

Siagi irudi kwenye bakuli. Mwagia maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, kama vikombe viwili, uikande kwa mwiko uliolowekwa maji baridi ili isinate. Maji yatakuwa meupe. Mwaga, weka mengine. Mara tatu au nne, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mtoto mmoja awe msimamizi wa maji: anainua bakuli la maji yaliyotoka kwenye mwanga na kusema kama anaona kidole chake upande wa pili. Mikono mitupu isiingie, viganja vina joto na siagi itaanza kuyeyuka.

Halafu ikandamize kwa mgongo wa mwiko, uikunje, uikandamize tena. Utaona matone yanatoka kama jasho. Yamwage. Ukisikia mwiko haulii tena maji, imetosha. Kwa lita 5 napata gramu 130 hadi 170, nimepima mara nyingi kwenye mzani wa duka la jirani. Kwa kiasi hicho chumvi ni chini kidogo ya nusu kijiko cha chai, ya unga laini, ikandwe iingie yote.

Rehema ana daftari. Ameandika kila mara: tarehe, nyuzi, dakika, gramu, na rangi. Mwaka mmoja tulitengeneza pia mwezi wa 3, mvua zikiwa zimenyesha na ng'ombe wa bibi yake wanakula majani mabichi, siagi ikawa ya njano kama ua la alizeti. Mwezi wa 8, ng'ombe hao hao wakila mabua na pumba, ilitoka karibu nyeupe. Rangi ile inatoka kwenye majani, ni ile ile iliyo kwenye karoti. Hakuna mtu aliyeipaka.

Kama unataka ladha ya kibuyu, krimu ikishapoa kutoka motoni ongeza vijiko viwili vya mtindi wa dukani usio na sukari, iache nje usiku mmoja ichachuke, kisha iingie kwenye friji saa kadhaa. Krimu chachu inavumilia joto zaidi, hata nyuzi 16, na inakatika mapema. Ndiyo sababu mama hakuhitaji friji: maziwa yake yalikuwa yameganda, alfajiri ilikuwa na baridi, na akiona inachelewa alimimina maji ya mtungini kidogo kibuyuni. Watoto wangu wamejaribu kibuyu chake mara moja, Krismasi iliyopita. Ni kizito, kinasukwa mapajani mbele na nyuma, na Mazengo alidumu kama dakika mbili hivi kabla ya kulala juu yake.

Siagi yenye chumvi kwenye chombo kilichofungwa inakaa friji wiki mbili. Kwetu haifiki Jumatatu, inaishia kwenye viazi vitamu vya moto. Ikianza kunuka uchachu usiitupe: iweke kwenye sufuria, moto mdogo, iache itokote mpaka kelele za maji ziishe, povu litulie na chini pabaki masimbi, yaani mashapo, ya rangi ya kahawia yanayonukia kama karanga. Chuja. Hiyo ni samli, inakaa miezi kabatini bila friji. Masimbi wape watoto na kipande cha ugali.

Chupa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla mafuta hayajaganda, ikaushwe juani, ihifadhiwe mfuniko ukiwa wazi. Ya kwetu inakaa juu ya kabati, na khanga yake imekunjwa ndani.